Vurugu za kisiasa: Ni lini zinakuwa ugaidi mbele ya sheria?

Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Namba 21 ya mwaka 2002, ilipitishwa na Bunge mjini Dodoma. Katika mji huo huo, mchana wa Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki na Mwanasheria Mkuu wa Chama cha Demokrasia na Maendeleo (CHADEMA), alimiminiwa risasi akiwa ndani ya gari nje ya makazi yake eneo la Area D, muda mfupi baada ya kutoka bungeni. Risasi 16 zilimpata. Alikimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, kisha Nairobi, na baadaye Ubelgiji. Hakuna mtu aliyefikishwa mahakamani kwa tukio hilo, iwe kwa kosa la ugaidi, kujaribu kuua au kosa jingine lolote.

Viongozi na wanachama wa chama chake, kwa upande mwingine, walishtakiwa kwa ugaidi katika mashauri matatu yaliyovuta hisia za wengi kati ya mwaka 2013 na 2021. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoishia kwa mshtakiwa kutiwa hatiani kwa kosa hilo.

Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja ndipo panapozuka swali ambalo wanasheria, wanasiasa na wananchi wa kawaida wamekuwa wakilijadili kwa zaidi ya miaka 20: je, mtu anayemdhuru mwenzake kwa sababu za kisiasa ashtakiwe kama gaidi, au makosa ya kawaida ya jinai yanatosha?

Kuna hoja inayosikika mara kwa mara kwamba damu ni damu, na jina la kosa halina maana kwa aliyejeruhiwa. Mbele ya mahakama hoja hiyo haina nguvu. Jina la kosa ndilo linaloamua mshtakiwa atalala wapi usiku ule, shauri lake litasikilizwa na mahakama ipi, polisi watakuwa na mamlaka gani katika upelelezi, na Jamhuri italazimika kuthibitisha nini.

Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha sheria hiyo, kitendo hakiwi cha kigaidi kwa sababu tu ni cha kikatili. Kinapaswa kufanywa kwa kusudio la kigaidi, na kiwe kinaweza kuidhuru nchi vibaya, au kiwe kimelenga kuwatia wananchi hofu kubwa, kuilazimisha Serikali kufanya au kuacha kufanya jambo, ama kuyumbisha misingi ya kisiasa, kikatiba, kiuchumi au kijamii ya nchi. Sheria inataja pia matendo yenyewe: kushambulia uhai au mwili wa mtu, kuteka nyara, kuharibu mali kwa kiwango kikubwa, kutumia silaha za moto au milipuko, na mengineyo ya aina hiyo.

Ni maneno mapana. Mwanasiasa yeyote anayeitisha mgomo anataka kuilazimisha Serikali kufanya jambo. Hiyo ndiyo kazi ya mgomo. Waliotunga sheria waliliona hilo, ndiyo maana kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba kuvuruga huduma wakati wa maandamano, malalamiko au kusitisha kazi hakuhesabiwi kuwa ugaidi, maadamu hakukukusudiwa kusababisha madhara makubwa yaliyotajwa. Ibara hiyo hutajwa mara chache majukwaani, pengine kwa sababu haimfurahishi sana yeyote kati ya pande mbili: inamlinda mwandamanaji, lakini haimlindi anayebeba petroli.

Chukua mfano wa kubuni. Ni siku za kampeni, jioni, kata ya Majengo, jijini Dodoma. Makundi mawili ya wafuasi yanakutana karibu na Soko la Majengo. Maneno yanageuka mawe. Kijana mmoja anarusha chupa ya petroli iliyowashwa, kibanda cha mboga kinaungua, na watu watatu wanaungua mikono na nyuso. Kijana huyo amevaa fulana ya chama chake, na dakika chache kabla alisikika akisema wapinzani wao "wataikimbia Majengo".

Kanuni ya Adhabu ina majibu mengi kwa tukio hilo: kufanya ghasia, kuharibu mali kwa makusudi, kujeruhi, kusababisha madhara makubwa mwilini na, ikithibitika kwamba alikusudia kuua, kujaribu kuua. Makosa mazito miongoni mwa hayo yanaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha. Kama mmoja wa majeruhi angefariki na ikathibitika kuwa ni mauaji ya kukusudia, adhabu ni kifo. Hakuna kosa katika sheria ya ugaidi linaloweza kutoa adhabu iliyo juu ya hiyo.

Je, ni gaidi? Nia ya kisiasa ipo. Petroli ipo. Hofu ipo pia, maana kesho yake mama wa mboga atafikiri mara mbili kabla ya kufungua. Lakini kiini cha kosa hakiko katika fulana aliyovaa wala katika hofu iliyotokea baadaye. Kiko katika kusudio, yaani kama alirusha chupa ile ili wakazi wa eneo zima watishike wasikanyage kituo cha kura, au alirusha kwa hasira za ugomvi uliokuwa mbele yake. La kwanza linakaribia maana ya sheria. La pili ni jinai ya kawaida, hata kama ni nzito. Na kusudio halithibitishwi kwa kudhani. Linahitaji ushahidi wa maandalizi, maelekezo, mawasiliano, fedha, au mfululizo wa matukio yanayofanana.

Upelelezi wa aina hiyo ni kazi ngumu na ya muda mrefu, na hapa ndipo sheria ya ugaidi inapowapa wapelelezi nyenzo ambazo Kanuni ya Adhabu haina. Inaruhusu kupekua bila hati panapokuwa na dharura, kunasa mawasiliano kwa idhini ya Mahakama Kuu na kuzuia mali. Aidha, inafanya kufadhili, kuhifadhi watuhumiwa, kuandaa mikutano na kuandikisha watu kuwa makosa yanayojitegemea, hata kabla ya tone la damu kumwagika.

Wanaounga mkono matumizi ya sheria hiyo katika vurugu za kisiasa hutegemea hoja hii, na si hoja dhaifu. Mtu anayesubiri hadi bomu lilipuke ndipo afungue jalada amechelewa. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2018, wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga mkoani Pwani zilishuhudia mauaji ya makumi ya watu, wengi wao wakiwa polisi na viongozi wa vijiji, vitongoji na matawi ya Chama Cha Mapinduzi. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo huko Kibiti wakiwa njiani kutoka lindoni. Wauaji waliwachagua watu kwa nyadhifa zao, mmoja baada ya mwingine, hadi baadhi ya viongozi wa vijiji wakazihama nyumba zao na wengine wakajiuzulu. Kama kuna vurugu nchini zilizolingana na maneno ya kifungu cha 4, ni hizo: zililenga kuufuta uongozi wa Serikali katika eneo zima kwa njia ya hofu.

Kibiti inaonyesha kwamba sheria ina kazi yake. Tatizo limekuwa mahali pengine ambako imepelekwa kufanya kazi.

Shauri la kwanza kubwa la kisiasa lilimhusu Wilfred Lwakatare, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ulinzi na Usalama wa CHADEMA. Alikamatwa Machi 2013 baada ya mkanda wa video kusambaa katika mtandao wa YouTube, ukidaiwa kumwonyesha akipanga njama za kumdhuru mhariri mmoja wa gazeti. Machi 18 alifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, pamoja na mwenzake, wakakabiliwa na mashtaka manne. Moja lilikuwa la kula njama ya kutumia sumu kwa lengo la kudhuru, kosa la Kanuni ya Adhabu. Matatu yalikuwa ya ugaidi: kupanga utekaji, kushiriki mkutano wa kupanga ugaidi, na kuruhusu nyumba itumike kwa mkutano huo.

Siku mbili baadaye Mkurugenzi wa Mashtaka aliliondoa shauri hilo, watuhumiwa wakaachiwa, wakakamatwa papo hapo na kusomewa mashtaka yale yale upya. Mawakili wa utetezi, Lissu akiwa mmoja wao, walikimbilia Mahakama Kuu. Mei 8, 2013 Jaji Lawrence Kaduri aliyafuta mashtaka yote matatu ya ugaidi, kwa kuwa hati ya mashtaka haikuonyesha viini vya kosa hilo, akabakiza lile la sumu. Kwa kuwa shtaka lililobaki lilikuwa na dhamana, mlango wa mahabusu ulifunguka mwezi uliofuata. Miaka miwili baadaye Lwakatare alichaguliwa kuwa Mbunge wa Bukoba Mjini.

Uamuzi huo ulikuwa na maana pana kuliko mtu mmoja. Hata kama kila neno katika mkanda ule lingekuwa kweli, kilichodaiwa kilikuwa mpango wa kumdhuru mtu mmoja. Ni jinai, na ni jinai mbaya, hasa inapomlenga mwandishi wa habari. Lakini mhariri mmoja si umma wa Watanzania, na kumlisha mtu sumu kwa siri ni kinyume kabisa cha kuutisha umma, kwa sababu hofu ya kigaidi huhitaji kuonekana.

Mwaka huo huo, sheria hiyo ilitumika tena kwa tukio lililotokea kwenye uwanda wa kati, Igunga mkoani Tabora. Uchaguzi mdogo wa Oktoba 2, 2011, ulioitishwa baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge, ulikuwa miongoni mwa chaguzi ndogo zenye uhasama mkubwa kupata kuonekana nchini. Katika kampeni zake, kijana mmoja mfuasi wa CCM alimwagiwa tindikali usoni. Karibu miaka miwili ilipita. Juni 2013 wanachama watano wa CHADEMA wakashtakiwa mjini Tabora kwa ugaidi kuhusiana na shambulio hilo. Mwezi uliofuata, Mahakama Kuu iliwaondolea shtaka hilo la ugaidi.

Anayesahaulika katika simulizi hiyo ni kijana mwenyewe. Kumwagiwa tindikali usoni ni kosa ambalo Kanuni ya Adhabu imeliweka katika daraja la juu kabisa, na kuthibitisha nani alimwaga ni swali la ushahidi wa kawaida: mashahidi, chupa, muda, mahali. Shtaka la ugaidi liliongeza mzigo mwingine juu ya huo, wa kuthibitisha kusudio dhidi ya umma au Serikali, na mzigo huo ndio ulioangusha shauri. Katika hali kama hiyo, jina kubwa la kosa halimsaidii aliyeumizwa. Linamchelewesha.

Kwa nini basi upande wa mashtaka uchague njia ngumu zaidi? Wakosoaji hujibu kwa neno moja: dhamana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai kiliorodhesha ugaidi pamoja na mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Mei 2020, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Miezi mitatu haikupita kabla Mahakama ya Rufani, Agosti 5, 2020, kuutengua uamuzi huo na kukirejesha.

Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria Kisutu. Mahakama ya hakimu mkazi haina mamlaka ya kusikiliza shauri la ugaidi, hivyo mshtakiwa haruhusiwi kujibu chochote. Shauri linatajwa, linaahirishwa kwa siku 14, linatajwa tena. Upelelezi haujakamilika. Katika muda huo wote mshtakiwa yuko mahabusu, na hajapatikana na hatia ya jambo lolote.

Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar waliyaishi maisha hayo kuliko mwanasiasa yeyote. Walishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014, na viongozi wao walitoka Juni 2021 baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kueleza kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Ni miaka saba hivi. Mtu aliyehukumiwa kifungo cha miaka saba siku ile ile waliposhtakiwa angeweza kuwa ametoka kabla yao, kwa msamaha wa kawaida wa theluthi ya kifungo.

Kisha likaja shauri la Freeman Mbowe. Mwenyekiti huyo wa CHADEMA wakati huo alikamatwa jijini Mwanza usiku wa kuamkia Julai 21, 2021, saa chache kabla ya kongamano la kudai Katiba mpya. Julai 26 alisomewa mashtaka Kisutu. Madai yalihusu mwaka uliotangulia: kwamba kati ya Mei na Agosti 2020 alikula njama na kufadhili mpango wa kulipua vituo vya mafuta na mikusanyiko ya watu, na kumdhuru Lengai ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai. Kiasi cha fedha kilichodaiwa kutolewa hakikufika shilingi milioni moja. Washtakiwa wenzake watatu walikuwa wamepata kuwa makomando wa Jeshi la Wananchi.

Tofauti na yaliyotangulia, shauri hili lilisikilizwa. Lilipita mikononi mwa majaji watatu wa Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi: Elinaza Luvanda, aliyejitoa, Mustapha Siyani, aliyeteuliwa kuwa Jaji Kiongozi, na Joachim Tiganga. Kulikuwa na kesi ndogo ndani ya kesi kubwa kuhusu maelezo ya onyo ya washtakiwa na namna yalivyopatikana. Jamhuri iliita mashahidi 13. Februari 18, 2022 Jaji Tiganga alisema washtakiwa wana kesi ya kujibu.

Machi 4, 2022, siku ambayo utetezi ulitarajiwa kuanza kujipanga, Mkurugenzi wa Mashtaka aliliondoa shauri. Mbowe alikuwa amekaa ndani zaidi ya miezi saba. Siku hiyo hiyo alikwenda Ikulu kukutana na Rais Samia Suluhu Hassan.

Ziara hiyo ilipokewa na wengi kama dalili ya maridhiano, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Kisheria iliacha jambo la ajabu. Ikiwa kweli mtu alipanga kulipua vituo vya mafuta, kumpokea Ikulu saa chache baada ya kuachiwa hakueleweki. Ikiwa hakupanga, miezi saba ya mahabusu haieleweki. Kuondolewa kwa shauri kuliwanyima wananchi jibu, na kulimnyima pia Mbowe hukumu ya kusafishwa jina, kwa sababu shauri lililoondolewa kwa njia hiyo halihesabiwi kuwa mtu ameonekana hana hatia.

Inafaa kukumbuka kwamba kipindi hicho cha Mei hadi Agosti 2020 ndimo lilimotokea tukio jingine Dodoma. Usiku wa kuamkia Juni 9, 2020, Mbowe, kwa maelezo ya chama chake, alivamiwa na watu wasiojulikana alipokuwa akirejea nyumbani kwake jijini humo, akavunjika mguu. Vurugu za kisiasa zilizodaiwa kupangwa naye zilifika Mahakama Kuu. Zilizodaiwa kumpata hazikufika.

Mwelekeo huo si wa Tanzania peke yake. Novemba 2005 Dk. Kizza Besigye wa Uganda, akijiandaa kugombea urais, alishtakiwa kwa ugaidi mbele ya mahakama ya kijeshi huku akikabiliwa na uhaini katika mahakama ya kiraia. Januari 31, 2006 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilisema mahakama ya kijeshi haikuwa na mamlaka juu ya kosa hilo. Nchini Kenya, baada ya maandamano ya Juni 25, 2025, vijana kadhaa walipelekwa Mahakama ya Kahawa chini ya sheria ya ugaidi, wengine kwa madai ya kuchoma majengo ya umma. Mwanaharakati Boniface Mwangi alipokamatwa Julai 19 mwaka huo, polisi walizungumzia ugaidi. Alipopandishwa kizimbani siku mbili baadaye, shtaka lilikuwa la kumiliki risasi isivyo halali.

Marekani, ambayo mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliifanya ishinikize nchi nyingi kutunga sheria hizi, haijaunda kosa moja linaloitwa ugaidi wa ndani. Maana yake imo katika sheria ya mwaka 2001, lakini waendesha mashtaka hutumia makosa mengine. Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la Serikali mjini Oklahoma City mwaka 1995 na kuua watu 168, alihukumiwa kifo kwa mauaji na kwa kutumia silaha ya maangamizi. Viongozi wa makundi yaliyovamia Bunge la nchi hiyo Januari 6, 2021 walitiwa hatiani kwa njama ya uasi. Enrique Tarrio alipewa miaka 22, Stewart Rhodes 18. Adhabu hizo nzito hazikuhitaji kosa la ugaidi kuwapo katika hati ya mashtaka. Wala hazikuwazuia kutoka gerezani Januari 2025 kwa saini ya Rais Donald Trump.

Kwa mkoa wa Dodoma, neno hili lina historia yake ya pekee. Kuanzia miaka ya 1960, Kongwa ilikuwa kambi ya wapiganaji wa vyama vya ukombozi, vikiwamo FRELIMO, ANC na SWAPO. Wapiganaji wa kwanza wa SWAPO walioingia Namibia na kupambana na jeshi la makaburu Agosti 1966 walikuwa wamepitia hapo. Serikali ya Afrika Kusini iliwajibu kwa kutunga Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967, ikaipa nguvu ya kurudi nyuma, na kuitumia Pretoria dhidi ya Andimba Toivo ya Toivo na wenzake 36. Ya Toivo alihukumiwa miaka 20. Watu ambao Pretoria iliwaita magaidi, Tanzania iliwapa ardhi, chakula na mafunzo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa kupambana na ugaidi, uliotiwa saini Algiers mwaka 1999, uliweka wazi kwamba mapambano ya ukombozi hayahesabiwi kuwa ugaidi.

Vurugu za uchaguzi si vita vya ukombozi, na anayemmwagia mwenzake tindikali Igunga hawezi kujificha nyuma ya Kongwa. Somo lililo karibu zaidi linatoka Zanzibar. Wanachama 18 wa CUF walikamatwa mwishoni mwa mwaka 1997, wakashtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Walikaa ndani karibu miaka mitatu. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola. Miaka mitatu ilitumika juu ya kosa ambalo, kwa mujibu wa mahakama ya juu kabisa ya nchi, halikuwezekana kuwapo.

Kinachohitajika ili makosa hayo yasirudiwe hakitegemei kufutwa kwa sheria ya ugaidi. Kibiti inatosha kuonyesha hasara ya kutokuwa nayo. Panahitajika utaratibu ambao unamlazimu Mkurugenzi wa Mashtaka kuonyesha mapema, mbele ya jaji, ni ushahidi gani unaobeba kusudio la kigaidi, na jaji awe na uwezo wa kuligeuza shtaka kuwa la jinai ya kawaida asiporidhika. Jaji Kaduri alifanya hivyo ndani ya miezi miwili, lakini kwa sababu mawakili walikwenda kumtafuta. Yule kijana wa mfano wa Majengo asingekuwa na mawakili wa kumtafuta jaji. Panahitajika pia dhamana iamuliwe na mahakama kwa kuangalia mtu na mazingira yake, kuliko kuamuliwa na aliyeandika hati ya mashtaka.

Na upelelezi uelekezwe kote. Septemba 6, 2024, Ali Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alishushwa kwa nguvu kutoka kwenye basi Tegeta, Dar es Salaam, mbele ya abiria. Kesho yake alipatikana akiwa amekufa. Rais Samia aliagiza vyombo vya dola vichunguze na kumpelekea taarifa. Kumteka mwanasiasa hadharani, ndani ya basi lililojaa watu, na kumuua, kunakaribia maana ya kuutia umma hofu kuliko mkanda wa video wa mwaka 2013. Neno ugaidi halikutumika.

Katika miaka ya karibuni, upande wa mashtaka umelirudia neno la zamani zaidi. Lissu, aliyechukua uenyekiti wa CHADEMA kutoka kwa Mbowe Januari 2025, alikamatwa Mbinga mkoani Ruvuma Aprili 9 mwaka huo na kushtakiwa kwa uhaini Kisutu siku iliyofuata. Baada ya ghasia za siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, ambazo watu wengi walipoteza maisha, watu zaidi ya 200 walifikishwa mahakamani, wengi wao vijana, wakikabiliwa na shtaka hilo hilo ambalo adhabu yake ni kifo.

Novemba 14, 2025, akilihutubia Bunge jijini Dodoma, Rais Samia alitangaza kuundwa kwa tume ya uchunguzi na kuvitaka vyombo vya mashtaka kuwafutia makosa vijana walioingia katika maandamano kwa kufuata mkumbo. Baada ya hotuba hiyo, washtakiwa wengi walianza kuachiwa.